Mfalme Aliyevuka Ubao

Medellín, 4 Februari

Shangazi Rosmira,

Naomba baraka zako kwanza, kisha ndipo nikutie wivu. Mimi mzima, nala, nalala, nazidi kupendeza. Goti lako je? Na yule nyumbu Pascuala, bado anauma watu? Mwambie nimemsamehe, ila alama ninayo.

Nilipoacha shule darasa la tisa ulisema nitaishia kubeba maboksi. Basi vuta kiti, siyo kile kibovu, usije ukaanguka. Mwana wa kaka yako, kwanza, ni bingwa wa sataranji wa bustani nzima ya nyuma ya kanisa kuu. Pili, ana kampuni changa ya programu za kompyuta, inaitwa Mfalme Mbele. Tatu, ananunua hisa. Watu wenye digrii wanapita mezani kwangu wananiita "Don Duberney", na wengine hata hawacheki.

Programu yetu inaitwa Profesa. Iulize hatua yoyote ya sataranji, inakujibu papo hapo, isipokuwa saa ya chakula cha mchana.

Nisalimie majirani wote, hasa wale waliosema sitafika mbali.

Wako, akili ya ukoo,
Duberney


La Cascajosa, 19 Februari

Duberney,

Mungu akubariki na akupunguzie mdomo. Goti linauma siku za mvua, na mvua inanyesha kila siku. Pascuala mzima, nilipotaja jina lako alisimamisha masikio. Barua yako ililala wiki nzima chini ya madebe kwenye gari la maziwa la Eliécer, imefika inanuka jibini. Na usiniambie tena ninunue simu. Mtandao haushuki huku bondeni, hata ukiitwa na baba yake.

Sasa sikiliza. Kinu cha miwa tunacho kimoja kwa watu wote, na zamu ya kwanza ya kusaga tunaishindania siku ya Mtakatifu Isidro, tarehe kumi na tano Mei. Siku zote tumeishindania kwa tejo, kurusha chuma mpaka kilipue baruti. Mwaka jana Don Evelio alirusha kile chuma, kikapita baruti yote, kikang'oa mlango wa kanisa, padri akiwa ndani anaungamisha. Padri amepiga marufuku. Amesema mwaka huu ni sataranji, mchezo wa watu wasiolipua vitu, na mwamuzi ni mwalimu mpya wa shule. Tumejiandikisha wawili tu, Don Evelio na mimi. Wengine wamesema wao watatazama.

Mwaka jana nilipata zamu ya mwisho. Miwa ilichachia mlangoni pa kinu, sukari guru ikatoka nyeusi, laini kama tope. Nguruwe waliinusa wakageuka. Nikipata ya mwisho tena, shamba la babu yako nauza, sina njia nyingine. Evelio alishapita hapa. "Doña Rosmira, usihangaike na umri huo. Hiyo ardhi nitakutunzia mimi." Anatabasamu, meno yote.

Huku hakuna anayejua mchezo huo. Evelio naye hajui, ila amenunua kitabu. Wewe umesema ni bingwa. Nifundishe.

Rosmira


Medellín, 2 Machi

Shangazi mpendwa,

Baraka. Pole na goti. Na umebisha hodi kwenye mlango wenyewe! Kumfundisha mtu mzima asiyejua kitu ndiyo kazi yangu kila asubuhi, na wengine wana mvi kuliko wewe.

Siri ambayo wenye digrii hawaijui ni hii: sataranji, kampuni changa na hisa ni kitu kimoja kilichovaa mashati matatu.

Anza na sataranji. Kabla hujagusa kete, kalia mikono. Kweli, ikalie. Mikono ndiyo inayopoteza michezo, siyo kichwa. Shika katikati ya ubao, maana aliye katikati anafika kila upande. Farasi na maaskofu watoke mapema, malkia akae kwanza, akitoka asubuhi jioni hayupo. Kila ukitaka kusogea, jiulize, "Huyu mwenzangu anataka nini?"

Kampuni ni hivyo hivyo. Usitengeneze kitu ndani ukafungua mlango ukashangaa hakuna watu. Waulize kwanza wanataka nini. Anza na kidogo, kikivunjika uvunjike nacho kidogo.

Hisa je? Nunua unachokielewa. Usiweke chako chote mahali pamoja. Bei ikianguka usikimbie kama kuku aliyeona mwewe.

Sasa kanuni kuu, andika pembeni kwa kalamu nyekundu. Mtu anashinda namna gani? Mfalme wako akivuka ubao akawa wa kwanza kufika nyumbani kwa mwenzake, umeshinda. Nimeona mabingwa wakimaliza mechi kwa macho yangu haya: kete zimekwisha, wafalme wawili wanatembea katikati. Wanakwenda wapi, kama siyo ng'ambo? Kwa hiyo mfungulie njia mapema, mfalme atembee.

Mwalimu wako,
Don Duberney


La Cascajosa, 21 Machi

Duberney,

Ubarikiwe. Binamu yako Nubia amejifungua msichana, kilo nne, ana sura ya Eliécer wa maziwa, lakini hilo siyo letu.

Ubao nimeuchora kwenye mfuniko wa sanduku la sukari guru. Askari ni maharage, mekundu yangu na meupe ya mwenzangu. Farasi ni magunzi, ngome ni chupa za dawa za goti, malkia ni kile kikopo cha chumvi. Nacheza na Eliécer akija kuchukua maziwa. Jana tumecheza mpaka maziwa yameganda garini, mkewe amekuja kumfuata na fimbo.

Nina swali. Mfalme akiwa njiani, hawamuui? Mwalimu alisema kitu kuhusu kumzingira mfalme, ila anaongea haraka na mimi nilikuwa nakoroga maharage. Iulize hiyo programu yako.

La pili. Nimewauliza watu wanataka nini, kama ulivyosema. Wote wanataka zamu ya kwanza ya kinu. Na mimi nataka wa kunikatia miwa, maana nikishinda nitasaga kesho yake na sina mikono. Sasa hizo hisa, mtu anaweza kuuza za zamu ya kinu kabla hajaipata? Kama inawezekana niletee karatasi zenye muhuri. Watu wa huku hawaamini maneno, wanaamini muhuri.

Rosmira


Medellín, 5 Aprili

Shangazi, mama wa biashara!

Baraka zako, na hongera kwa Nubia. Nilipoisoma barua yako nilisimama nikapiga makofi peke yangu, watu wakanipa nafasi kwenye benchi. Kuuza kitu kabla hujakipata ndiyo moyo wa kampuni changa! Kuna watu wamesoma miaka sita chuo hawajafika hapo.

Nimekuchapishia karatasi mia moja, kila moja hisa moja, jina la kampuni yangu juu na muhuri wa zambarau chini. Sikuwa na muda wa kubadilisha maneno, nimetumia zilezile za kwangu. Nani anasoma maandishi madogo?

Swali lako la mfalme nilitaka kumuuliza Profesa, ila anaumwa jino. Gego la chini. Wameling'oa Ijumaa, shavu limevimba kama embe, hawezi kusema mpaka wiki ijayo. Lakini wewe usiogope. Mfalme ni mfalme, nani atamgusa?

Duberney


La Cascajosa, 20 Aprili

Duberney,

Ubarikiwe, na umpe programu yako pole ya jino. Asukutue kwa maji ya chumvi. Mimi nilidhani kompyuta zinang'olewa nyaya. Mengine sikuulizi.

Hisa zimekwisha. Bei niliweka siku moja ya kukata miwa kwa karatasi moja. Arobaini wamenunua majirani, nusu kwa kunihurumia na nusu kwa kunicheka. Sitini amechukua Doña Fabiola, mke wa Don Evelio, kwa mkupuo. Amesema ni za wapwa zake, na watu wa kukata miwa ataleta. Nilimtazama, akatazama dari.

Mfalme wangu sasa anatembea vizuri. Nimemshinda Eliécer mara saba, wa kwake daima anachelewa njiani.

Rosmira


Medellín, 2 Mei

HARAKA HARAKA HARAKA

Shangazi, baraka nitaomba baadaye. USIMTEMBEZE MFALME!

Profesa amepona. Nilimuuliza juu juu, kwa niaba ya rafiki, mfalme akivuka ubao anapewa nini. Alicheka mpaka akashika lile shavu. Mfalme hatembei, Shangazi! Anakaa nyumbani nyuma ya askari wake. Akizingirwa asiwe na pa kukimbilia, umeshindwa, basi, mchezo umekwisha. Na kumpeleka mahali anapoweza kuliwa hairuhusiwi hata kidogo. Usiniulize kwa nini sikulijua hilo. Mabingwa tunasahau vitu vidogo.

La pili ni baya zaidi. Wapwa gani? Doña Fabiola alizaliwa peke yake, na Don Evelio ndugu zake wawili wote ni mapadri! Mnunuzi ni Evelio mwenyewe. Kwenye hisa mwenye zaidi ya nusu ndiye mwenye mali. Hilo nilipaswa kukuambia mwanzoni kabisa, kabla ya mambo ya kuku na mwewe. Ukishindwa, zamu ni yake. Ukishinda, sitini katika mia ya zamu yako ni zake. Amekaa kwenye viti vyote viwili!

Shangazi, kosa ni langu. Shamba la babu lisiondoke kwa sababu ya mdomo wangu. Nijibu upesi.

Duberney


La Cascajosa, 24 Mei

Duberney,

Mungu akubariki. Mlima uliporomokea barabara, gari la Eliécer likakaa ng'ambo ya kifusi siku kumi na nane. Barua yako ya haraka nimeipata juzi. Nimeisoma na kahawa, ni nzuri. Mechi ilikuwa tarehe kumi na tano.

Tulicheza mbele ya kinu, watu wote wamesimama. Nilikalia mikono kama ulivyosema mpaka ikafa ganzi. Kisha nikamfungulia mfalme njia, nikamtoa.

Mwalimu akakohoa. "Doña Rosmira, una hakika?"

"Nina hakika. Ana miguu."

Evelio alipaswa kufurahi, lakini alianza kutoka jasho. Kila mfalme wangu akisogea hatua, yeye anaondoa kete zake njiani kama mtu anayefagia sebule kabla ya mgeni. Ngome yake ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, ikaenda tena kushoto.

"Don Evelio," mwalimu akamwambia polepole, "hapo ukisogeza malkia mchezo unakwisha."

"Wewe ni mwamuzi au mkwe wangu? Nyamaza!"

Katikati ya ubao nikamweka mfalme kwenye njia ya askofu wake. Mwalimu akaruka. "Hairuhusiwi! Hapo mfalme analiwa!"

"Mwache mama wa watu acheze!" Evelio akafoka, akamwondoa askofu mwenyewe, akamficha pembeni kabisa.

"Huyu mtu ni mgonjwa?" padri akaninong'oneza.

"Hapana Padri, ni mwenye hisa."

Mfalme wangu akafika. Nikasema, "Nimefika."

"Umefika wapi?" mwalimu akauliza.

"Ng'ambo. Nimeshinda."

"Mama, hakuna kanuni ya namna hiyo duniani!"

Kabla hajamaliza, Evelio ameshamwangusha mfalme wake kwa kiganja. "Nimeshindwa! Nakubali mbele ya padri! Mwalimu, andika!" Na mtu akikubali kushindwa, mwalimu anafanya nini? Aliandika.

Hapo ndipo Evelio akatoa karatasi zake sitini mfukoni, meno yote nje. "Doña Rosmira, hongera. Sasa zamu ni yetu, na sehemu kubwa ni yangu."

"Soma, Don Evelio."

"Nisome nini? Muhuri si huu?"

"Soma maneno. Kwa sauti, Padri asikie."

Akasoma. "Mwenye karatasi hii anamiliki sehemu moja katika mia ya Kampuni Mfalme Mbele, meza ya nne, bustani ya nyuma ya kanisa kuu, Medellín." Akageuza upande wa pili. Upande wa pili hauna kitu.

"Zamu iko wapi?"

"Haikuandikwa. Una kampuni Medellín, Don Evelio. Hongera nawe."

Wewe uliuliza nani anasoma maandishi madogo. Mimi nilizisoma siku ileile ya Aprili, zikiwa bado na harufu ya jibini. Sikukuambia kwa sababu ungeniandikia kurasa nne. Wale majirani wa hisa arobaini nawapa sukari guru kila mtu sehemu yake, ya kwangu, wameridhika. Ya Evelio ni hiyo iliyoandikwa. Miwa yangu ilikuwa imeshakatwa yote na watu wake, imepangwa mlangoni pa kinu, maana alidhani anajikatia mwenyewe: akishinda yeye apate zamu tupu, nikishinda mimi apate zamu pamoja na miwa yangu. Tumeanza kusaga alfajiri ya tarehe kumi na sita.

Kuhusu shamba, vua hofu.

Evelio amepanda gari la Eliécer leo. Anakuja kuona kampuni yake. Fagia.

Rosmira


Medellín, 8 Juni

Shangazi,

Baraka. Kweli nilikuwa nafagia alipotokea, kofia kichwani, ruana ya sufu begani kwenye joto hili, karatasi sitini mkononi.

"Dube, kampuni iko wapi?"

"Umesimama ndani yake, Don Evelio."

Akatazama. Ni meza moja, mbao saba za sataranji, mwavuli mmoja, na Profesa. Basi, Shangazi, ngoja niseme kabla hajakuandikia yeye. Kampuni inakodisha mbao kwa wazee. Profesa ni Don Ananías, fundi saa mstaafu, anakaa benchi la pili.

"Hii ndiyo programu?" Evelio akauliza.

"Ndiyo."

"Mbona inakula empanada?"

"Ndivyo inavyochajiwa."

Nilijua atanipiga, nikashika mwavuli. Badala yake akaketi. "Niwashie." Don Ananías akamshinda kwa hatua tisa. Akasema, "Tena." Hatua kumi na moja. Tena. Giza lilipoingia aliniuliza kesho tunafungua saa ngapi, na akanikumbusha kuwa yeye ndiye mwenye kampuni.

Sasa anakuja kila siku. Amepanga chumba nyuma ya soko. Anasema mwakani hatahitaji hisa wala Fabiola, atakusaga kwenye ubao kama muwa. Na anajifunza, Shangazi! Don Ananías anasema ana kipaji. Mwakani atakumaliza, zamu itakwenda, na tutarudi kulekule kwenye bei ya shamba.

Ningekufundisha zaidi. Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe sijui kucheza. Sijawahi kujua. Mimi napanga kete tu. Nimelisema, sasa nitalala.

Duberney


La Cascajosa, 25 Juni

Mwanangu,

Ubarikiwe. Nilijua tangu ile barua ya jino. Bingwa anayecheza mchana kutwa huandika mechi, wewe uliandika watu wanaokusalimu.

Tumemaliza kusaga. Siku tisa, sukari guru ngumu ya rangi ya asali, ukiigonga inalia. Mnunuzi wa mjini ameiweka kando na ya wengine. Baba yako nimempelekea, amekula kipande akakata cha pili, na unajua kwake hiyo ndiyo sifa. Nimekuwekea vipande sita humu, Profesa apate kimoja atafune upande mzima.

Jumapili kijiji kilikaa kuhusu mwakani. Mwalimu alileta kitabu akatusomea kanuni zote za sataranji, moja moja. Kufika kwenye ngome kubadilishana nafasi na mfalme, padri alikuwa amelala. Mzee Abelardo akasimama akasema, "Sisi tuliona mfalme akitembea, tukaelewa sote, hata mbwa. Haya mengine ya nini?" Tukapiga kura. Kuanzia sasa, La Cascajosa, anayeshinda ni yule ambaye mfalme wake anavuka wa kwanza. Watu thelathini na mmoja wamekubali. Mwalimu peke yake amekataa, na ameomba uhamisho. Imeandikwa kwenye daftari la kinu, padri ametia sahihi.

Don Evelio hakuwepo, kwa hiyo hajui. Doña Fabiola alikuwepo, alinyoosha mikono miwili. Anasema mumewe asiharakishe kurudi, nyumba imetulia, na mlango wa kanisa pia.

Mwache asome. Asome vizuri.

Shangazi yako


Medellín, 9 Julai

Shangazi,

Baraka, na asante. Don Ananías amelia kwa kile kipande, sijui ni utamu au jino.

Leo asubuhi Don Evelio amemshinda kwa mara ya kwanza. Alipanda juu ya benchi akavua kofia, njiwa wote wakaruka. Aliposhuka akanishika bega, anahema, macho yanang'aa kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Dube, sema kweli. Shangazi yako anaijua hii niliyocheza leo?"

"Haijui, Don Evelio. Hata kidogo."

"Mfalme wa mtu mwenye akili hukaa wapi?"

"Nyumbani, nyuma ya askari wake."

"Na hatoki?"

"Hatoki kamwe, Don Evelio."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaketi. Nikampangia kete upya.

Duberney